Bwana Shamba Hakukataa Dar es Salaam

Siku tuliyomzika Bwana Shamba, shemeji yangu alisimama mbele ya watu, akavua kofia, akasema marehemu aliwapenda watu wa milimani kuliko fedha. Alisema aliitwa Dar es Salaam kwa mshahara mkubwa, akakataa, akachagua kubaki na wakulima wake. Watu waliguna kwa huzuni. Mchungaji alitikisa kichwa. Binti wa marehemu, aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka huko huko Dar es Salaam, vumbi la safari likiwa bado kwenye nywele, alimkazia macho shemeji yangu mpaka akakaa.

Mimi nilikuwa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Kwetu mwanamke hasimami kumjibu shemeji yake msibani. Nilinyamaza, nikalia kama wengine, tukapanda lori kutoka ziwani kurudi mlimani. Lakini maneno yale yalinikaa kooni na mpaka leo hayajashuka. Nimesoma mpaka darasa la saba na sijazoea kuandika kitu kirefu kuliko barua. Naandika kwa sababu nilikuwepo.

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake zilisomwa pale kaburini, sina la kuongeza. Nitamsema mtu tuliyeishi naye.

Alikuwa mtu wa ziwani, aliyeletwa na serikali kutufundisha sisi Wamatengo kulima. Hilo peke yake lilikuwa kichekesho. Siku ya kutambulishwa, mzee mmoja alimuuliza kama amekuja kutufundisha kupanda samaki. Akajibu kwamba samaki wana akili, hawawezi kukubali kuishi kwenye mlima kama huu. Watu wakacheka, na kuanzia hapo akawa wetu.

Baridi ilimtesa. Alikuwa na sweta la kijani alilolivaa mwaka mzima, na mwezi wa sita na wa saba aliongeza taulo shingoni. Asubuhi ulimkuta amejikunja karibu na moto wa mkewe, hataki salamu ndefu. Jua likishatoka ndipo anakuwa mtu. Hapo anashika njia, na ukimwona amepita kwako ujue hafiki aendako. Ataingia kwenye shamba la kwanza kutazama majani, atavuka kwenye la pili, atagombana na mwenye la tatu. Ukimwalika harusi ya saa nne anafika saa nane, mikono ina udongo, na bado analalamika kwamba watu wa milimani hawajali muda.

Serikali ilimpa pikipiki. Mafuta haikumpa. Pikipiki ile ilikaa ukumbini kwake imefunikwa gunia, kuku wakataga juu yake, naye akatembea kwa miguu hadi vijiji vya Kitura na Mkumbi kuwafuata wakulima waliomwita. Tulimtania kwamba pikipiki yake inaatamia. Alisema angalau yenyewe inazalisha.

Alikuwa na neno lake moja, "Hapo bado." Ukimwonyesha shamba ulilopalilia vizuri, hapo bado. Ukimletea chai, anaonja, hapo bado, ongeza sukari. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa alikuja kumtazama, akamfunua shuka, akamkagua vidole vya miguu kama anakagua miche kitaluni, akasema hapo bado, anyonye zaidi. Nilimtukana kwa Kimatengo. Alicheka, maana alikuwa ameshakijua.

Sitamfanya malaika. Alikuwa na hasira za karibu na mdomo mchafu. Siku moja alimwaga kikapu kizima cha kahawa ya mama mmoja kwa sababu alichanganya mbivu na mbichi, mbele ya watoto wake, na yule mama akaokota punje moja moja huku analia. Jioni alirudi kwa yule mama, akakaa chini, akachambua naye mpaka wakamaliza. Radhi hakuomba, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alitufundisha tule maharage na mboga za majani, naye mwenyewe hakuweza kumeza ugali bila usipa. Zikipita wiki dagaa wale hawajaletwa kutoka ziwani, alikuwa kama mgonjwa, na mkewe alituomba tusimsemeshe.

Jambo lililonifanya nimheshimu lilitokea mwanzoni kabisa. Alikuja na agizo la wakubwa kwamba tuache ngolo, tulime matuta. Ngolo ni kilimo chetu cha mashimo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana kama wavu, wanawake wanafuata na majembe, wanafukia zile nyasi kwa udongo, na katikati ya kila mraba panabaki shimo. Mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye mashimo, mlima haumomonyoki. Bwana Shamba alisoma lile agizo lote mkutanoni, kwa sauti, bila kuruka neno, maana ndiyo kazi iliyomleta. Kisha akalikunja akaweka mfukoni, akasema, "Nimeshasema. Sasa nionyesheni hayo mashimo."

Kesho yake alikuja na jembe. Wanaume walimpa mundu akafyeke nao. Alifyeka kidogo, akaona kazi yenyewe iko kwenye udongo, akaja akasimama kwenye mstari wetu sisi wanawake. Wanaume walipiga kelele. Mume wangu alimwuliza kama kesho atavaa khanga. Akasema akipewa iliyo nzito ataivaa, maana baridi ya huku ni ya kuua. Alichimba na sisi mpaka mchana, akikosea tunafukua, anarudia. Sijaona mtumishi mwingine wa serikali akifanya hivyo, na sijaona mwanamume wa kwetu akifanya hivyo.

Sasa nieleze sengu, maana bila sengu hakuna kitakachoeleweka.

Sengu ni mahali nyumbani kwa mzee wa ukoo ambapo wanaume wa ukoo wanakula pamoja. Kila mke anapika kwake na kupeleka. Wanakula kutoka vyombo vyote, hakuna anayejua amekula cha nani, na aliyekosa kwake hapungukiwi. Baada ya kula wanaongea. Kesi za mipaka, mahari, mtoto aliyeshindikana, vyote vinaishia pale. Neno likishasemwa sengu na mzee, limesemwa. Mimi kama mke wa ukoo ule nilipeleka ugali na kukaa pembeni ya jiko nikisubiri vyombo, na masikio yangu yalikuwa mazima. Wanaume wanapokula wanakusahau kama uko pale.

Baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa mzee wa sengu. Alimpenda Bwana Shamba, akamkaribisha kula pale kama mtoto wa nyumba. Mtu wa ziwani, Mwanglikana, anakula sengu ya Wamatengo Wakatoliki. Watu walisema. Mzee akawaambia kama wanaona shida wale haraka zaidi.

Zikaja zile siku za soko huria. Kabla ya hapo kahawa yote ilipita chama cha msingi, na dawa na mbolea vilitoka chamani, ukikatwa kwenye mauzo. Mara chama kikaishiwa. Ghala likabaki na panya. Wakaja wanunuzi binafsi na malori na mizani yao wenyewe, wanakuja leo wanapanga bei hii, kesho nyingine. Bwana Shamba alikuwa anasimama karibu na mizani yao, mikono nyuma, bila kusema kitu. Kusimama tu kulitosha. Wale madereva walimchukia. Na dawa zilipoanza kuuzwa na kila mtu, nyingine zimechanganywa na sijui nini, yeye ndiye aliyenusa chupa na kutuambia hii nunua, hii mwaga. Ugonjwa wa chule buni ulikausha kahawa za vijiji vingine zikiwa bado kijani mtini. Kwetu haukufika sana.

Na yeye wakati huo alikuwa anaishije? Mshahara ulichelewa mpaka ukasahau kama upo. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wanapunguzwa, kila akienda Mbinga mjini anasikia jina la mwenzake limetoka. Mkewe alianza kuuza maandazi. Mtoto wao wa pekee, binti, alikuwa karibu kuingia sekondari.

Ndipo kampuni moja ya kununua kahawa na kuuza dawa za mimea ikamwita Dar es Salaam. Walimwahidi mshahara ambao yeye mwenyewe alipoutaja aliutaja taratibu, kama anaogopa utasikia uondoke. Alikwenda kwanza kuangalia. Aliporudi alitueleza sengu, na mimi nikiwa pale jikoni nikasikia yote. Nyumba ya vyumba viwili unalipia kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo kabla hujaingiza hata kijiko. Maji unanunua kwa ndoo. Mkaa unanunua. Mchicha, alisema, mchicha huu unaoota wenyewe nyuma ya choo, kule unanunua kwa fungu. Alikuwa amekaa na mkewe wakapiga hesabu ile usiku na mchana. Ukiondoa kodi, maji, mkaa na nauli, ile fedha kubwa inasinyaa. Lakini haiishi. Kinachobaki kinasomesha mtoto. Akasema, "Tumeamua. Tunakwenda."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayaandika vizuri ili yeyote aliyesikia hotuba ya shemeji yangu ayasome. Alisema tunakwenda. Kuku walikuwa wameshagawiwa, mimi mwenyewe nilipewa tetea. Mkewe alikuwa ameshashona mapazia, kwa sababu alisikia kwamba nyumba za kule ziko karibu karibu na watu wanachungulia.

Wanaume wakaanza, mmoja mmoja. Hawakusema Bwana Shamba usiende. Walimwuliza kama atapata ugali wa kushiba kule. Walimwuliza akifa nani atamzika. Mume wangu alimwuliza kama huko mjini kuna mtu atakayemjua baada ya kazi kwisha. Nilikuwa nasikiliza na najua kila mmoja aliwaza nini. Aliwaza chupa za dawa. Aliwaza mizani. Walimtaka kama unavyolitaka jembe ambalo mpini wake umeshazoea mkono wako. Hilo si pendo, na anayeliita pendo kaburini anajua anachokifanya.

Baba mkwe aliongea mwisho. Nadhani yeye alimpenda kweli, na ndiyo maana ubaya ulikuwa mkubwa zaidi. Alinyoosha mkono kuelekea mteremko wetu wa chini, penye mibuni iliyokomaa na eneo tupu juu yake mpaka kwenye kijito.

"Mwanangu," alisema, "mshahara ni wa mtu mwingine. Pale pote kuanzia leo ni pako. Kaa."

Bwana Shamba alitazama kule chini. Akauliza, "Na mtoto wangu?"

"Na mtoto wako."

Wanaume wote walikuwepo. Waliitikia. Mke yeyote wa ukoo aliyekuwa jikoni alisikia. Kwa mtu wa ziwani kupewa ardhi ya Wamatengo, yenye kahawa, mbele ya sengu, haikuwa kitu kidogo. Sisi wenyewe tunagombania mteremko mpaka ndugu hawazikani. Bwana Shamba alikaa na mkono wake umeinama juu ya ugali bila kumega. Kisha akamega.

Mkewe alikuja kwangu kesho yake, akaketi mlangoni, akasema tu, "Wamempa mlima." Alirudi kwake akakunja yale mapazia. Masika yote yale hakumsemesha mumewe zaidi ya karibu chakula na maji ya kuoga yako tayari. Sisi wanawake tulijua. Wanaume walisema yule mama ni mkali, hana shukrani.

Alilitunza lile shamba kama kichaa. Mibuni yetu aliipogoa bila huruma, anakata tawi lenye maua huku mwenye shamba anapiga yowe. Ya kwake ilipofika zamu alikuwa anaizunguka, anashika tawi, anaachia, anaondoka, anarudi. Nilimwona siku moja amekaa chini ya mbuni na mkasi mapajani, hakati. Nikamwambia Bwana Shamba, hapo bado. Akaniambia nimtoke. Lakini alikata mwishowe, na lile eneo tupu akalijaza ngolo halafu miche, na baada ya misimu michache hapakuwa na shamba linaloshinda lile kijiji kizima. Siku nyingine alikuwa anasimama pale juu anaangalia tu. Nadhani ndiyo siku ambazo hakuijutia Dar es Salaam. Zilikuwepo, siwezi kusema hazikuwepo.

Jina lake lilitoka kwenye orodha ya waliopunguzwa. Hakutingishika. Alisema sasa yeye ni mkulima, serikali imechelewa tu kujua.

Baba mkwe akafariki. Na bei ya kahawa ikapanda, ikapanda kweli kweli, watu wakanunua redio na mabati. Mwaka huo huo shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, yule wa hotuba ya kaburini, akarudi kutoka Dar es Salaam. Kiwanda alichofanyia kazi miaka yote kiliuzwa, na wenye mali wapya wakawafukuza. Alirudi na godoro kubwa, friji, na mke aliyetuuliza bomba liko wapi. Friji ile aliiweka sebuleni pasipo umeme, wakawa wanahifadhia unga. Simcheki kwa kufukuzwa kazi. Namsema kwa kilichofuata.

Alihitaji shamba. Ndugu zake walikuwa wameshagawana, hakuna aliyekuwa tayari kumega la kwake, mume wangu akiwemo. Macho yao yote yakateremka kule chini, penye kahawa nzuri kuliko zote, ya mtu ambaye hana ukoo.

Wakamwita sengu. Siku hizo sengu ilikuwa imeshapoa, kila mtu anakula kwake na mlango umefungwa, lakini siku ile waliifufua. Walitutuma tupike. Nilipika kuku bila kujua napikia nini. Walimkaribisha, akanawa, akala. Waliacha ale kwanza. Kisha shemeji akafungua mdomo.

"Bwana Shamba, mzee alikupa ulime. Hakukupa uzikwe nalo. Sasa wenyewe tumerudi."

Kahawa ilikuwa imeiva mtini, nyekundu, wiki hiyo hiyo alikuwa aanze kuchuma.

Bwana Shamba aliwatazama mmoja mmoja. Wote walikuwepo siku mzee alipompa shamba, isipokuwa shemeji. Aliuliza kama kuna anayekumbuka mzee alisema nini. Mmoja alisema siku zimepita. Mwingine akasema mzee alikuwa anazeeka. Mume wangu alikuwa anatafuna mfupa, na aliendelea kuutafuna wakati hauna tena kitu. Yuko hai, na kusoma anajua. Akitaka asome.

Nilitegemea Bwana Shamba awatukane. Mtu aliyemwaga kahawa ya mama wa watu kwa punje mbichi chache, niliona leo atapindua vyungu. Nilitaka apindue. Aliinuka, akasema amesikia, akatushukuru sisi wapishi, akaenda kwake. Ningeweza kumsamehe hilo. Kitu nilichokasirikia miaka mingi ni kwamba kesho yake alimchukua shemeji, akamzungusha shamba lote, akamwonyesha mbuni upi una ugonjwa, upi umezeeka ukatwe chini uchipue upya, dawa gani ipigwe lini. Nilimfuata nikamwuliza ana akili gani.

"Dada," akasema, "miti imekosa nini?"

Nilimwambia miti haikukosa kitu na yeye hakukosa kitu, basi kwa nini anayeondoka ni yeye. Aliendelea kufunga mizigo. Kwenda kushitaki barazani hakwenda, alisema huko mashahidi watakuwa ni hao hao. Zile nafasi za Dar es Salaam zilikuwa zimeshajaa vijana wenye vyeti. Yeye na mkewe waliteremka ziwani na kitanda, vyungu, na yale mapazia ambayo hayakuwahi kutundikwa.

Baada ya hapo nilianza biashara ya usipa. Nateremka ziwani, nanunua magunia, napanda na lori kuuza Mbinga mjini. Nyumbani walidhani nafuata faida. Faida ilikuwepo, lakini pia sikutaka kukaa naangalia lile shamba. Shemeji hakupogoa mti hata mmoja, chule buni ilikausha punje zote, na bei nayo ilipoanguka akaanza kung'oa miti apande mahindi.

Kila niliposhuka nilipita kwao, kijiji kimoja jirani na Mbamba Bay. Bwana Shamba alikuwa amevua sweta. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, mikono yake mitupu, imekonda. Alilima muhogo kwenye mchanga na kulalamika kwamba mchanga hauna adabu. Miguu ilianza kuvimba, akitembea anapumzika njiani. Binti yao alikuwa ameshakuwa muuguzi. Nani alimsomesha? Mama yake, kwa maandazi, na wajomba. Alifanya kazi kwenye zahanati ya hapo hapo, akizalisha wanawake wa pwani ile yote, na jioni anapika kwao na kumkanda baba yake miguu.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa na nguvu za kuongea, nilifika nikakuta nyumba imenuna. Binti alikuwa ameitwa na hospitali moja ya watu binafsi, Dar es Salaam. Mshahara mara kadhaa wa ule wa zahanati. Mama yake alikuwa anapeta unga kwa hasira, akaniambia nimsaidie kuongea na huyu mtoto, kwamba baba yake ni mgonjwa, kwamba huko mjini fedha yote itamezwa na wenye nyumba. Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, anahesabu kwa vidole. Kodi ya mwaka, nauli, maji, mkaa. Hesabu ile ile. Niliwahi kuisikia nikiwa jikoni, sengu.

Kumbe habari ilikuwa imeshafika zahanati. Wazee wa kanisa, ambao ndio wenye zahanati, walikuwa wametuma salamu kwamba alasiri watakuja kuongea na binti. Walikuwa na jambo la kumpa, nyumba ya zahanati yenye bati, na kiwanja, kiandikwe kwa jina lake.

Bwana Shamba alikuwa amelala mkekani, nikidhani hasikii. Akaniuliza lori langu linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa sita, magunia yakishapakiwa. Akamwita binti.

"Wewe unataka?"

"Nataka, baba. Lakini nyinyi?"

"Sisi usituweke kwenye hesabu. Toa nguo zako. Dada ataondoka na wewe."

Mkewe aliacha ungo. Akamwuliza kama ameota, wazee wanakuja alasiri, mtoto ataondokaje bila kuwasikiliza, ni adabu gani hiyo. Na mimi, nitasema ukweli, moyo wangu uligawanyika. Wanawake wa pale walihitaji yule binti. Wangejifungua kwa nani? Wazee wale walikuwa na haki ya kuja kumwomba, na pengine kiwanja chao kilikuwa kiwanja cha kweli.

Bwana Shamba alikaa, kwa shida, akashika ukuta. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwake, hata siku za kumwaga kahawa.

"Wakija watamkuta mtu mzuri, atawasikiliza, atabaki. Mimi niliwasikiliza."

Mkewe alimwangalia. Miaka yote ile hakuwa amemwambia neno hilo. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sanduku la binti, akaanza kupanga nguo yeye mwenyewe. Chini kabisa aliweka yale mapazia.

Alitusindikiza mpaka kwenye lori, akipumzika kila baada ya nyumba chache, hataki kushikwa. Binti alipokwisha panda juu ya magunia, Bwana Shamba alinivuta pembeni. Alisema alasiri atawapokea wale wazee, atawapa viti, matusi watakayotoa atayachukua yeye. Kisha akasema, "Mfikishe Mbinga mjini. Msishukie kwenu, hata kama lori litasimama. Watu wenu wanajua sana kukaribisha."

Nilimwambia Bwana Shamba, nimekusikia. Hatukuonana tena.

Lori lilipofika kijijini kwetu jua lilikuwa linaelekea kuzama, na dereva akasimama kumshusha mtu. Shemeji alikuwa dukani kando ya barabara na wenzake, mume wangu pia. Akaja mpaka kwenye lori, akanyanyua uso, akamtambua binti. Akafurahi, na nina hakika furaha ile ilikuwa ya kweli.

"Huyu si mtoto wa Bwana Shamba? Shuka mwanangu, huku ni kwenu. Wapike, ulale, kesho uendelee."

Binti alinitazama. Alikuwa amechoka na vumbi, na pale palikuwa nyumbani alipokulia.

"Hashuki," nikasema.

Shemeji alicheka, akidhani natania. Akaniuliza kama na mimi mwenyewe nimekuwa mgeni siku hizi, sishuki kwangu.

"Na mimi sishuki."

Nikapiga bodi ya lori kwa kiganja, dereva akaondoa gari. Tulilala Mbinga mjini, alfajiri nikampandisha basi la Songea, nikauza usipa wangu, nikarudi nyumbani. Mume wangu aliniuliza kwa nini nimemwaibisha kaka yake, kwa nini nimempitisha mtoto wa watu mlangoni kwetu bila chakula.

Nilimwambia alikuwa ameshakula kwao.